Jina Chini ya Kibao

Wanangu, juzi mmoja wenu aliniletea simu yake. Ndani mna kitu chenye mshale. Unagonga kibao cha madimba, mshale unatingishika, ukisimama mahali pake taa inakuwa ya kijani. Akagonga kibao cha kwanza, kijani. Cha pili, karibu kijani. Cha tatu, mshale ukasimama katikati ya alama mbili, si huku si kule, na taa ikawa nyekundu. Kijana akanitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mzee aliyekosea vifungo vya shati. Akasema, "Papa Donat, hii inaomba kisu kidogo."

Nilimpokonya kisu kabla hajamaliza. Alidhani nimekasirika. Sikukasirika, niliogopa. Naogopa hata sasa ninapoandika haya, maana sitakuwapo kila siku kupokonya visu, na kibao hicho cha tatu nimekwisha kukipoteza mara moja kwa mkono wangu mwenyewe.

Wengi mnanijua kama seremala wa misheni. Milango ya kanisa ni yangu, na viti vinavyowachana suruali ni vyangu pia, samahani. Lakini kazi niliyoipenda ni kulinganisha madimba. Haya ya kwaya yenu yana vibao kumi vya mti wa mukula, na kila kibao kina kibuyu chake chini, chenye tundu lililozibwa kwa utando ili sauti itoke na mvumo kama nyuki. Kisu kina sheria mbili tu. Ukikwangua chini ya kibao katikati, sauti inashuka. Ukikwangua chini kwenye ncha, inapanda. Mbao ikitoka hairudi. Mtu asiyekumbuka anakwangua upande gani ataishia na kijiti cha kuchokonolea meno.

Aliyenifundisha ni Papa Mbuyi. Alikuwa mtu wa jimbo la Kasai, lakini alizaliwa hapahapa Likasi. Ni baba yake aliyekuja na reli. Alikuwa fundi wa mota kiwandani, na akitoka kazini alikaa uani na madimba yake. Maneno yake yalikuwa machache, na yote yalichoma.

Nilipofika kwake mara ya kwanza nilijiona msomi. Nilikuwa nimeimba do re mi kwa Padri miaka sita, sikio langu limekaa ndani ya ile harmoniamu, kinanda cha kanisa. Nikagonga vibao vyake kimoja kimoja, nikatikisa kichwa kwenye cha tatu.

"Papa, kibao hii inakosea."

"Inakosea nani?"

"Haiko mi, tena haiko mi bemol, ile ya chini yake. Inabaki katikati."

Akaendelea kusugua nta kwenye uzi wake. "Weye uko na mama bukwe?"

Nilikuwa nimeoa mwezi ule ule. Nikamwambia ndiyo, mama mkwe ninaye, anakaa Kapolowe.

"Unamusalimiaka namna gani?"

Nikamweleza kile ambacho kila mtu anajua: unasimama mbali, unainama, humpi mkono, humwangalii machoni, na mkeka wake huukalii hata ukianguka kwa jua.

"Na ukimukimbia kabisa?"

"Atasema sina heshima."

"Njo ile. Kibao ya kwanza ni mama. Hii ya tatu ni bukwe. Haisogee karibu, haikimbie mbali. Iko na nafasi yake ya heshima. Na weye, siku ya kwanza tu kwangu, unataka kuivuta mukono."

Nilicheka kwa aibu. Ila tangu siku hiyo nilianza kusikia. Kwa Papa Mbuyi kila kibao kilikuwa mtu wa ukoo, na kila umbali kati ya vibao ulikuwa na jina. Kibao na jirani yake, hapo pana mlango. Mingine miembamba, mingine mipana, wala hakuna miwili iliyo sawa sawa. Cha tano kiliitwa mjomba, kwa sababu wimbo ukigombana unakimbilia kwake. Kutoka mama hadi mjomba iliitwa safari. Cha nane ni mtoto, anarudia maneno ya mama kwa sauti nyembamba. Mengi ya majina yalikuwa ya Kiswahili chetu hiki. Machache yalikuwa ya Kiluba cha kwao Kasai, na hayo niliyashika kwa ulimi tu bila kuuliza maana. Kijana anayejua kila kitu hauliziulizi.

Sasa sikieni jambo ambalo simu haijui. Papa Mbuyi hakumaliza kibao kwa kisu. Alikiacha juu kidogo sana, unywele mmoja. Halafu alipasha msumari katika makaa, akakigeuza kibao, na chini yake, katikati kabisa, akaandika jina kwa kuliunguza. Moto ulikula ule unywele uliobaki na sauti ikashuka mahali pake. Kwa hiyo katika kazi yetu, ukisikia fundi anasema kibao fulani hakijapewa jina, maana yake bado kiko juu. Alikuwa akisema, "Kisu inapima. Jina njo inamaliza."

Na jina lenyewe lina kipimo. Mara moja tulikuwa na harusi Kakanda, nikaachiwa kibao cha mjomba nikimalize peke yangu. Kwa majivuno niliandika MJOMBA kwa herufi kubwa, na mapambo pembeni. Moto ulikula kupita kiasi. Kule Kakanda kila wimbo uliokimbilia kwa mjomba ulimkuta amelewa, hadi shangazi wa bibi harusi akaja kuniuliza kwa upole kama nina malaria. Papa Mbuyi hakunisema njiani. Tulipofika nyumbani alinipa msumari mwembamba zaidi, basi.

Sitaki kuwachekesha sana. Nakwepa, na najua nakwepa.

Miaka ile ya tisini mliisikia kwa wazazi wenu. Kiwanda kilikwama kipande kwa kipande. Sirene iliyokuwa ikituamsha ilikaa kimya, tukaanza kuamka kwa kukisia. Halafu neno likaanza kupita mitaani: watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Papa Mbuyi alizaliwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Lakini neno lile halikuwa likiulizwa maswali. Familia kwa familia zilitoka kwenda kungoja treni kwenye stesheni, pale gare, zikalala chini ya maturubai wiki nyingi.

Kabla hajatoka, Papa Mbuyi alikuja kwangu mchana, madimba yake juu ya mkokoteni wa pusupusu, ameyafunika kwa blanketi.

"Itunzeko, Donat. Usiachie jua iipige. Minye ntarudia."

Nikapokea. Nilijivunia hata. Siku nne nilijivunia.

Siku ya tano vijana walianza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta vitu vya watu walioondoka, na waliovificha. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa ameweka cherehani ya shemeji yake, walimvunjia mlango na mkono. Mke wangu Georgette alirudi kutoka bombani na ndoo tupu.

"Donat, bako kwa Mama wa kona. Ile majina chini ya bibao ni ya Kiluba ya Kasai. Bakigeuza moja tu, tumeisha."

Hakusema uongo. Nilikuwa na watoto watatu ndani. Nikavunja chupa, nikashika kipande cha kioo, nikageuza vibao vyote kumi na kuanza kukwangua majina. Yale ya Kiluba kwanza. Halafu na yale ya Kiswahili, kwa sababu woga ukishakushika hauchagui. Niliona hata neno "mama" litanisaliti. Nilikwangua sikio limeelekea mlangoni, hata mara moja sikugonga kibao kusikia.

Walifika saa kumi za alasiri. Mmoja aligeuza kibao, akapitisha kidole. "Ya nani?"

"Ya kwaya."

"Imba."

Nikaimba Kyrie, wanangu. Niliimba nimesimama uani kwangu mikono chini, kama mtoto wa shule. Wakacheka, wakaenda. Nikakaa chini, nikamshukuru Mungu kwa kweli.

Kisha nikachukua fimbo za kugongea, nikagonga. Madimba yote yalikuwa yamezama. Ninyi mnaosoma kwa makini mmekwisha jua. Majina yalikaa chini, katikati, mahali pale pale panaposhusha sauti. Nilikuwa nimekwangua hapo kwa kina cha woga wangu, kila kibao kina chake.

Ningevirudisha wapi? Kipimo kilikuwa kichwani mwa Papa Mbuyi, na kichwa changu siku zile kilikuwa kimejaa nyayo za watu. Nilibeba vibao kanisani ndani ya gunia, nikakaa mbele ya harmoniamu, nikakwangua ncha kupandisha kimoja kimoja mpaka kikubaliane nayo. Juu yake nikaandika kwa chaki: do, re, mi. Nawaambia kitu nilichokijua kwa gharama. Ukishakiita kibao mi, mkono wenyewe utakisukuma hadi kiwe mi. Utaapa kwamba sikio lako ndilo linaloongoza, kumbe ni lile neno.

Nilikwenda gare na unga kidogo. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, ndevu zimeota, bintiye Kapinga amelala kichwa mapajani mwake. Aliniuliza habari ya watoto kwanza. Halafu akauliza, "Madimba inalala vizuri?"

"Inalala vizuri."

"Na majina?"

"Majina iko, Papa."

Akanishika mkono, akaushika muda mrefu. Nilitamani aniachie. Baada ya siku chache treni ilikuja, watu hadi juu ya paa, na sikumwona tena.

Miaka ikapita. Kwaya ilizoea, Padri alifurahi kwamba sasa madimba na harmoniamu havigombani tena. Kitu kimoja tu kilinisumbua: vingine vilivuma kidogo, lakini kibao cha tatu kilikuwa bubu. Unakigonga, kinajibu kifupi, kavu, mvumo hakuna. Nilidhani ni utando wa kibuyu. Nilibadilisha ule wa mayai ya buibui, nikaweka karatasi ya sigara, nikaweka mfuko wa plastiki. Georgette alisema nimekuwa daktari wa mgonjwa mmoja.

Ndipo Kapinga akaja. Nilimwacha msichana, akaja mwanamke mzima, kitambaa cheusi kichwani, kipande cha mukula kimefungwa ndani ya kanga. Nilijua kabla hajasema.

"Papa alitutoka," akasema. "Bakaka wangu walitengeneza madimba mupya ya kutoa matanga. Bibao yote inaenda, bukwe tu inakatala. Masikio yao ni ya masomo, kila mara banafika ku mi. Papa mbele ya kufa alisema: bukwe iko Likasi, kwa Donat, mukaichukue kule." Akaweka kile kipande cha mti mezani. "Lori yangu inarudia kesho kutwa."

Nilimtolea kiti, nikamtolea maji, nikamtolea habari za watu wote waliokufa mtaani, ilimradi nisiguse madimba. Mwishowe aliomba mwenyewe. Nikagonga cha tatu. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akaomba tena.

"Papa Donat, hii bukwe imekasirika. Imeenda kukaa kwa jirani."

Nikasingizia mvua. Nikasingizia mti, nikasingizia mchwa. Alinisikiliza kwa adabu yote, na ile adabu ilinitesa kuliko matusi.

Asubuhi Georgette alishusha vibuyu kuvifuta vumbi, kwa ajili ya mgeni. Alikuwa akifuta na kuvumisha wimbo mdomoni, wimbo wowote tu, kibuyu cha tatu kikiwa karibu na kidevu chake. Ghafla kibuyu kikavuma. Mara moja, kikanyamaza.

"Rudilia," nikamwambia.

"Nirudilie nini?"

"Ile ulikuwa unaimba."

"Hata sijue nilikuwa ninaimba nini."

Nikamwomba aanze sauti ya chini kabisa na kupanda polepole, mdomo kwenye kibuyu. Alinitazama kama mtu wa kupelekwa hospitali, lakini akafanya. Akapanda, akapanda, kimya. Halafu kikavuma, chumba kizima. Akapanda kidogo tu, kikanyamaza tena. Kilikuwa kimevuma kabla hajafika kwenye mi.

Wanangu, vibuyu sikuvigusa siku ile ya kioo. Papa Mbuyi alikikata kila kimoja kwa kipimo cha kibao chake, na kibuyu kilichokatwa kinaitika sauti ile moja tu. Kibao changu hakikuwa na ugonjwa wa utando. Kilikuwa kinamwita mtu kwa jina ambalo si lake, na yule alikuwa anakaa kimya miaka yote ile.

Kapinga alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: "Kama kibuyu ni ya Papa na kibao ni ya Papa, juu ya nini havipatane?"

Hapo hapakuwa na mvua tena wala mchwa. Nikamwambia yote. Kioo, vijana, Kyrie, harmoniamu, na lile jibu langu pale gare. Nilipofika kwenye "majina iko, Papa," nikamwachia Georgette amalizie.

Kapinga alivuta kiti, akaketi. Kisha akasema, "Alikufa anaamini. Nina hasira na weye, Papa Donat, siwezi kuficha." Akafungua kanga, akasukuma kile kipande cha mti kwangu. "Lakini shika kisu. Lori haingoje hasira yangu."

Tulifanya kazi siku ile yote. Georgette aliweka sauti kwenye kibuyu, mimi nikakwangua, Kapinga akasikiliza, maana sikio langu sikuliamini tena. Alasiri kile kipande kipya kilikuwa juu unywele mmoja. Nikapasha msumari na kumpa yeye. Aliandika bukwe, herufi ndogo, pole pole. Tukakilaza juu ya kibuyu cha baba yake, nikagonga. Kikavuma mpaka vikombe vikatetemeka mezani. Kapinga aligeuka ukutani, akalia, nasi tukamwacha.

Cha kwaya nacho nikakishusha, kikapewa jina lake. Kapinga akasema, "Tuendelee na bingine." Kesho yake tangu asubuhi tukaenda kwa kufuata vibuyu, kimoja kimoja. Mama, mjomba, mtoto. Kila kimoja nikakikwangua mpaka kikabaki juu unywele mmoja, nikaandika jina lake. Yale ya Kiluba niliogopa, lakini yalikuja yenyewe ulimini. Kikabaki cha sita tu. Msumari ulikuwa mwekundu mkononi, kibao kimegeuzwa, na mkono ukasimama.

"Ya sita inaitwa nani?" nikauliza.

Kapinga alinitazama. "Si weye njo ulifunzwa?"

Lilianza na "ka", hilo nakumbuka. Nikalitafuta mpaka msumari ukapoa, nikaupasha tena, ukapoa tena. Yeye hakuwahi kulisikia. Kaka zake hawakuuliza, na baba yao hakupenda kusema asichoulizwa. Chao cha sita walikilinganisha vizuri, alisema, lakini chini yake ni kweupe. Lori lilipiga honi. Aliahidi kuwauliza wazee wa kule na kuniandikia. Kisha vita vikafunga njia, na barua haikufika.

Nimekaa na kibao hicho miaka yote hii. Kibuyu chake kinaitika nusu, kinangoja ule unywele. Ningeweza kuunguza neno lolote pale, moto haujui kusoma. Nimewahi kupasha msumari mara mbili kwa nia hiyo, na mara mbili Georgette, kabla hajatutoka, aliuchukua kimya kimya akautia majini. Sasa hayupo wa kuutia majini, na sikio langu la kushoto limeanza kufa.

Wako kati yenu wenye bibi waliorudi kutoka kule, au ambao hawakuondoka kamwe. Nendeni mkawaulize kibao cha sita cha madimba kinaitwaje, jina linaloanza na "ka". Wakisema hawajui, semeni hivyo hivyo. Ila msiniletee jina la kubuni kwa kunihurumia. Nimechoka kungoja, nitaliamini.